Buni za Januari

Kwenye vitabu vya shule ya msingi, hobi iliitwa uraibu. "Uraibu wangu ni kusoma vitabu," tuliandika, na mwalimu akatia vema nyekundu. Mtaani uraibu ni neno la sigara, gongo na kubeti. Nimeliwaza sana neno hili mwaka huu, kwa sababu kitu nilichokianza kama uraibu wa kitabuni kimenishika kama uraibu wa mtaani, na katikati yake nikajua jambo kuhusu ada yangu ya shule ambalo nyumbani halikuwahi kusemwa.

Chanzo chake ni fomu. Muhula wa pili wa mwaka wa pili, pale Malimbe, mimi na mwenzangu wa geto tulikuwa tunajaza CV za kuombea nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Kwenye mstari wa mambo unayopenda kufanya muda wa ziada, wote wawili tuliandika kusoma na kusafiri. Mwenzangu akaangua kicheko. "We umesafiri kwenda wapi?" Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Malimbe hadi Igoma, nyumbani, daladala mbili. Yeye angalau ametokea Maswa. Basi tukafuta. Tukachana karatasi ya daftari, tukaandika vitu vinne vya kujifunza kabla ya UE, kila kimoja kisizidi buku tano kwa wiki: kuangalia ndege, kuchora miamba, kuogelea, kuonja kahawa.

Ndege walidumu siku tisa. Ukiishi Malimbe huhitaji kuwatafuta, furukombe wanakupigia kelele asubuhi na minandi wamekaa kwenye mawe wameanika mabawa kama wafuaji, lakini bila darubini kila ndege wa mbali ni kidoa cheusi. Kuchora kulidumu zaidi. Nina michoro sita ya Jiwe la Bismarck, lile ambalo kila mgeni wa Mwanza anapigia picha, lililobeba jina la Kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Yote sita inafanana na viazi. Kuogelea mwenzangu alikataa kabla hatujaanza, akanitajia kichocho kwa sauti ya mtu aliyewahi kumeza vile vidonge.

Ikabaki kahawa.

Kahawa ya kwanza ilikuwa ya kijiweni, mjini, njia ya kuelekea Makoroboi. Ile ya deli: chombo kirefu cha shaba kimekaa juu ya makaa, vikombe visivyo na mkono vinaoshwa kwenye ndoo, kashata pembeni. Shilingi mia mbili kikombe. Muuzaji ni mzee ambaye wote tunamwita Babu, na hapo kuna mabenchi mawili ambayo kwa kanuni isiyoandikwa moja ni la Simba na jingine la Yanga. Wenye mapenzi na Pamba Jiji wanasimama. Nilikuwa napita hapo tangu mwaka wa kwanza, ila sasa nilikuja na daftari, na mtu mwenye daftari kijiweni anaangaliwa vibaya. Babu akaniuliza kama natoka halmashauri.

"Hapana Babu, najifunza kuonja."

"Kuonja unaonja pombe. Kahawa unakunywa."

Niliandika hivi siku hiyo: chungu, moto, tangawizi, moshi. Wiki ya pili niliandika vilevile. Wiki ya tatu nikaona tatizo haliko kwenye ulimi wangu, liko kwenye daftari. Sikuwa na maneno.

Mahali pa maneno palikuwa Capri Point. Kuna mgahawa mmoja huko, wa vioo, unaotazama maji, ambao kikombe kimoja ni shilingi 6,000. Jumamosi asubuhi walikuwa na darasa la kuonja, mwanafunzi mwenye kitambulisho analipa 5,000, yaani bajeti yetu yote ya wiki. Mwenzangu alikwenda mara moja, akasema kwa hela hiyo anakula ugali na sato. Mimi nilikwenda Jumamosi saba.

Kuonja kahawa kitaalamu kunachekesha kwa mtu anayetazama, lakini kuna utaratibu mzuri ndani yake na ninaupenda. Unapima kahawa iliyosagwa, gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji. Maji yawe nyuzi 93 hivi, yasiwe yanatokota. Unamwagia, unaacha dakika nne, kahawa inapanda juu na kufanya ukoko. Halafu unaukata ule ukoko na mgongo wa kijiko huku pua yako iko karibu kabisa na kikombe, na harufu inakupiga yote kwa mara moja. Kisha unanyonya kutoka kwenye kijiko kwa nguvu, kwa sauti ambayo mama yangu angenizaba kofi mezani, ili kahawa isambae mdomoni kote. Unatema. Unaandika.

Barista wetu alikuwa kijana mkarimu, amesomea mambo haya Moshi, na alitupangia vikombe vinne: Kilimanjaro, Mbozi, Tarime, Kagera. Vitatu vya kwanza ni arabika. Wamisionari waliipanda Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898, na hadithi ya kahawa ya Tanzania karibu kila mara huanzia hapo. Cha nne ni robusta. Alituambia tunachotakiwa kusikia. Kilimanjaro: asumini, chungwa. Mbozi: chokoleti. Tarime: bluberi. Tukafumba macho, tukatikisa vichwa. Katika watu tisa tuliokuwa mezani, nina uhakika hakuna aliyewahi kuona bluberi nje ya picha ya kwenye kopo la mtindi.

Nikaandika zambarau. Kwa sababu ndicho nilichokionja: zambarau ambazo hazijaiva sawasawa, zile zinazokuacha na ulimi wa rangi na mdomo mkavu. Na nilipofika hapo kwenye ukavu nikakumbuka kwamba Kiswahili kina neno lake, kimekuwa nalo siku zote: ukakasi. Ndizi mbichi ina ukakasi. Kahawa iliyochemshwa sana ina ukakasi. Barista alikuwa akiutafuta msamiati huo kwa mikono, akijikamata mashavu, na neno lipo kwenye jiko la bibi wa mtu yeyote. Nikaanza kuyakusanya. Chapwa, ya kahawa iliyotiwa maji mengi hadi haina msimamo. Chachu, ya ile inayokuamsha pembeni mwa ulimi. Imekolea. Imepooza. Ina sukari guru kwa mbali. Nikawa na kurasa nne.

Kikombe cha nne, cha Kagera, hakikupewa maua. "Hii ni ya kuchanganyia," alisema barista. "Mbao, raba, uchungu mwingi. Kafeini karibu mara mbili ya arabika." Watu wakaonja haraka wakasogea. Mimi nikabaki na kijiko, nanusa, maana kulikuwa na kitu nakijua na sikipati jina. Ilinijia nikiwa kwenye daladala narudi: matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu kama mbao na vitamu kwa ndani. Mama yangu ni Msukuma, nimekua na harufu hiyo kwenye mfuko wa shule.

Muhula huohuo tulikuwa na kozi ya riwaya, na nilikuwa nasoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Kiandike, kama hujakisoma, kwenye orodha yako. Mzee huyo wa Ukerewe, kisiwa ambacho meli zake unaziona zikitoka hapa bandarini kila siku, alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, hakikupata mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980. Alikufa mwaka uliofuata. Wanafunzi wenzangu wanakilalamikia kwa sababu hakiendi mbio. Mtu akikaribishwa, utaona anavyokaribishwa hatua kwa hatua. Pombe ya ndizi ikitengenezwa, utakaa hapo hadi iive. Zamani hata mimi ningerukaruka kurasa. Lakini nikikisoma usiku huku nina kurasa zangu nne za maneno ya kahawa, nilimwelewa yule mzee kwa namna ambayo maswali ya mtihani hayakunisaidia. Alikuwa anaandika mambo ambayo kila mtu wa kwao aliyajua, akiamini kwamba siku moja hakuna atakayeyajua.

Na mimi kwetu ni wapi? Baba ni Mhaya wa Kamachumu. Amekaa Mwanza tangu kabla sijazaliwa, Kihaya anakiongea kwenye simu tu, akiwa ametoka nje barazani. Nyumbani ni Kiswahili na Kisukuma kidogo cha mama. Jumapili nikaenda Igoma na daftari langu.

"Baba, kahawa ya kwetu ina ladha gani?"

"Ya kutafuna au ya kuuza?"

"Ya kunywa."

Akanitazama kidogo. "Sijui. Kwetu hatukuwa tunakunywa."

Hapo nilivuta kiti. Baba si mwongeaji, lakini aliongea karibu saa nzima, na mengine nikayasoma baadaye maktaba. Robusta haikuletwa kwetu na padri yeyote. Ilikuwapo kandokando ya ziwa hili upande wa magharibi, Buhaya na Buganda, karne nyingi kabla ya ile ya Kilema, na watu hawakuikaanga wala kuisaga. Waliitafuna. Buni huchumwa kabla hazijaiva, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni akifika hupewa kabla ya neno lolote la maana. Wanaiita akamwani. Ndani ya tunda moja mna punje mbili zilizolaliana, na zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjana, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje moja, wakabadilishana na kula. Undugu huo ulikuwa na nguvu kuliko wa tumbo moja. Biashara ilikuja juu ya hayo yote: mkoloni akataka magunia, wakulima wakaunda ushirika wao mwaka 1950, baadaye kikaja kiwanda cha TANICA pale Bukoba. Kopo la Africafé unalikuta kwenye geto lolote la mwanafunzi nchi hii, pembeni ya heater ya kuchemshia maji. Ndiyo robusta ya Kagera hiyo. Ile ya kuchanganyia.

"Nenda kamuulize bibi yako," alisema baba mwishoni. "Mimi najua kuchuma tu."

UE ilipoisha, Julai, nikaenda. Kwa meli. Baba alinisihi nipande basi, nizunguke Geita. Yeye hapandi meli. Igoma tunakoishi ndiko walikozikwa kwa pamoja wengi wa waliokufa MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, watu zaidi ya 800, na mnara wao tunapita kila siku tukienda mjini. Baba hakupoteza ndugu siku ile. Anasema tu kwamba alikuwa Mwanza wiki hiyo na aliona. Nilipanda MV Victoria usiku, daraja la tatu, katikati ya mizigo ya watu, na sikulala. Nilikaa nje hadi taa za Mwanza zikaisha, kisha kukawa na giza la aina moja juu na chini. Alfajiri nikashuka Kemondo. Kutoka hapo ni Muhutwe, halafu unapanda mlima kwenda Kamachumu, na ghafla hewa inakuwa nyingine, ya baridi, na kila kitu ni migomba.

Nilikuwa nimemwona bibi mara tatu maishani, zote yeye ndiye aliyekuja Mwanza. Ni mdogo wa mwili, anatembea ameinama kidogo kama anayetafuta kitu chini. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo chenye kifuniko. Akanimiminia buni tatu kiganjani. Nyeusi, kavu, zinanukia moshi na kitu kama mchaichai. Nikapasua ganda kwa meno, nikatafuna. Mwanzoni ni kuni. Kisha unakuja uchungu, ila si wa deli, ni uchungu wa taratibu usio na haraka na wewe. Halafu ukameza mate na mdomo mzima ukawa baridi na mtamu. Nilitafuta neno kwenye kurasa zangu nne, halikuwepo.

Nilikaa wiki mbili. Shamba la Kihaya, kibanja, si shamba la mistari kama ya kwenye picha za Kilimanjaro. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, na mibuni imesimama humohumo chini ya kivuli cha migomba, pamoja na maharage na makaburi ya wenye nyumba waliotangulia. Tulichuma asubuhi. Zilizoiva zinaanikwa na nyama zake kwenye mkeka hadi ziwe maganda, unazigeuza mara kwa mara, mvua ikinusa tu mnakimbia kuzifunika. Ndivyo zinavyouzwa, maganda, kwa debe na gunia. Nikajua pia ile harufu ya matobolwa inatoka wapi: ni tunda zima limekaukia juu ya punje, utamu umeingia ndani. Barista aliita mbao.

Siku ya nne au ya tano tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tunachambua, nikamwuliza bibi kwa nini mibuni ya upande wa juu, kama ishirini hivi, anaiita kwa jina langu. Baba alikuwa amenipa namba ya shangazi ili anitafsirie, kwa sababu Kiswahili cha bibi kinaisha njiani na Kihaya changu hakijaanza. Shangazi alikaa nasi siku hiyo. Aliposikia swali akacheka, akasema, "Kumbe hukuambiwa?"

Mwaka 2016 kiwanda cha minofu alichofanyia kazi baba kilipunguza watu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nafasi yangu ilikuwa kwenye shule ya bweni ya kulipia. Hilo nalijua. Nilichokuwa nakijua ni kwamba baba alipambana, kama wanavyosema wazazi wote. Sasa nikaambiwa namna. Januari 2017 bibi aliuza butura.

Asiyetoka Kagera hatalijua neno hili, na kila anayetoka huko analijua. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Maua yametoka, au buni ni za kijani bado, mavuno ni Mei na kuendelea, na wewe unahitaji pesa leo kwa ajili ya ada, hospitali au msiba. Anakuja mtu mwenye pesa na daftari. Anaitazama miti, anakadiria, anakupa bei yake. Mavuno yakifika, kahawa si yako. Unachuma kwa mikono yako, unaanika, unalinda mvua, halafu unamimina kwenye gunia la mwenzako. Viongozi wameikemea miaka nenda rudi, na wamesema wakulima wapeleke kahawa kwenye vyama vya msingi, ni kweli na ni vizuri. Lakini shule zinafunguliwa Januari, na chama hakiwezi kulipia buni za kijani.

Bibi alipewa bei ya gunia moja na nusu. Mavuno yalipokuja, yalikuwa magunia manne. Na kwa sababu mwaka huo hakubaki na cha kuuza, Januari iliyofuata aliuza tena, mibuni ileile, ili nimalize kidato cha pili. Shangazi alieleza haya akiwa anachambua, bila kuinua sauti, na bibi akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Mimi ndiye niliyeacha kuchambua. Nilihesabu Jumamosi saba za Capri Point. Kisha nikaacha kuhesabu, maana bibi alikuwa ananitazama.

"Anakuuliza," shangazi akasema, "hiyo shule ilikuwa nzuri?"

Nikasema ilikuwa nzuri.

Jioni nikamwomba ruhusa nipike kahawa yake. Nilikaanga punje kwenye chungu, nikatwanga kwenye kinu, sikuwa na mizani, nikakadiria gramu kwa kijiko cha chai na dakika nne kwa simu. Nilichuja kwa kitambaa. Bibi, ambaye amelima kahawa kwa zaidi ya miaka hamsini, alinywa kikombe cha kwanza cha kahawa ya mibuni yake mwenyewe. Akanywa funda mbili. Akasema neno moja la Kihaya, akanirudishia kikombe.

Shangazi alilitafsiri: imechoka. Niliporudi Mwanza nikamuuliza baba, akalirudia neno polepole, akasema hapana, ni kama kitu kilichovuliwa nguo. Wiki iliyofuata akanipigia mwenyewe, bila salamu, kusema amelifikiria tena, na kwamba tafsiri iliyo karibu zaidi ni kitu kisicho na mwenyewe. Nimeyaandika yote matatu.

Babu wa deli nilimpelekea akamwani, ameifungia kwenye jani la mgomba bibi mwenyewe. Alitafuna moja, akatema ganda kwenye makaa, akasema hii ni kahawa ya watu wasio na haraka. Benchi la Yanga wakaomba, benchi la Simba wakaomba. Nikabaki na nne. Mwenzangu wa geto naye alitafuna, akakosa usingizi hadi saa kumi usiku, akadai nimlipe. Capri Point nimerudi mara mbili tangu hapo. Barista aliniruhusu niseme kuhusu kikombe cha nne, nikasema matobolwa, na mama mmoja aliyekuwa mwisho wa meza akagonga meza kwa mkono akasema, "Hasa!"

Bei ya kahawa siku hizi si ya 2017. Mwaka 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani kwenye soko la London, baada ya Vietnam kupata ukame, na Kamachumu walizisikia habari hizo kwa njia pekee wanayozisikia: watu wenye magari waliongezeka. Bei ikipanda, mwenye daftari naye anapenda zaidi maua. Bibi hajauza butura tangu nilipomaliza kidato cha nne. Alinionyesha kwa fahari stakabadhi za chama, amezitia kwenye kopo la Africafé.

Sasa ni Desemba. Mtoto wa shangazi, binti, amefaulu darasa la saba na amepangiwa shule ya serikali ya kutwa iliyo mbali, kwa hiyo atakaa hosteli. Ada hakuna, lakini godoro ni shilingi 60,000, tranka 35,000, sare na viatu 45,000. Nimeziandika nyuma ya daftari la ladha. Jumla 140,000. Mimi nimetunza 85,000 kutoka kwenye bumu, baba ametoa 30,000. Bado 25,000, na mwenzangu anasema anaweza kunikopesha kumi akipata hela yake wiki ijayo.

Jana usiku bibi alinipigia, yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Alisema mvua ni nzuri, na mibuni ile ya juu, ya jina langu, imebeba hadi matawi yanainama. Halafu akasema kuna mtu alipita na daftari. Anatoa 150,000, leoleo, mkononi. Nikamwomba anisubiri hadi Jumamosi. Akakaa kimya, nikasikia jogoo wa jirani yake. Akasema yule mtu anarudi Ijumaa.